Haikufa, Iko Nalala

Fundi huanza kazi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na sababu yake niliielewa siku ya pili. Joto la Kakuma halina subira. Ikifika saa nne mabati ya paa yameanza kualika, na mtu hawezi tena kubainisha kama betri iliyomo kiganjani ina moto wake wenyewe au imebeba tu moto wa mchana. Kwa hiyo betri hupimwa alfajiri. Swichi, nyaya na vioo vya simu vitangoja.

Meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya mapipa mawili. Ametandika juu yake kipande cha zulia, ili skrubu ikianguka isiruke ikamezwa na mchanga. Kushoto ipo mita ya kupimia umeme, uso wake umekwaruzika, lakini nyaya zake mbili, nyekundu na nyeusi, bado mpya. Kulia kipo chuma cha kulehemu cha volti 12, kinachokula umeme wa betri ya gari iliyo chini ya meza, nayo inalishwa na paneli iliyofungwa juu ya paa. Katikati yapo mabisibisi sita, kibano, wembe, brashi ya meno, kichupa cha spiriti, mkebe wa flaksi, na vizibo vya soda vilivyopangwa mstari mmoja. Vizibo hivyo nilidhani ni vya kuchezea bao la drafti.

Fundi alitoka Kivu, mashariki mwa Kongo, akiwa kijana, na Kiswahili chake bado kina sauti ya kwao. Anayejifunza kwake ni mvulana wa Sudan Kusini aliyezaliwa hapahapa kambini, anayemwita mwalimu. Kambi ya Kakuma ilianza mwaka 1992, walipofika vijana waliokimbia vita vya Sudan. Makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Wanaoishi humo leo ni wengi kuliko wakazi wa Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, mji ulio kilomita 120 hivi kutoka hapa. Nyumba nyingi hazijawahi kufikiwa na waya wa umeme. Mwanga wao hutoka juani, kwa paneli ndogo zenye upana wa daftari na taa za kubeba mkononi. Na kila taa ina siku yake ya kuzima.

Ya asubuhi hiyo ililetwa na mama mmoja wa Kiturkana kutoka upande wa mjini, akiwa ameifunga katika pembe ya leso.

"Ejoka," alisema.

"Ejok noi, mama," fundi akamjibu, na akaipokea taa kwa mikono miwili.

"Fundi, hii imekufa. Nimeianika juani siku tatu."

Hakuifungua. Aliiweka juu ya zulia akaanza kuuliza. Je, mvua iliinyeshea? Mtoto huivuta kwa waya? Ilizima ghafla, au ilikuwa inafifia kidogo kidogo? Mama alifikiri kabla ya kujibu kila swali, naye fundi alingoja bila kumsukuma. Taa inayozima ghafla mara nyingi ina waya uliokatika, na inayofifia ina betri inayochoka. Hii ilianza kwa kufifia, kisha siku moja haikuwaka kabisa. Alipokwisha kusikia, akaitikisa taratibu karibu na sikio. Hakuna kilichogonga ndani. Mama akaambiwa arudi kesho.

Ndipo vizibo vilipopata kazi. Taa ilikuwa na skrubu nne, moja imefichwa chini ya karatasi ya nembo, na fundi aliijua ilipo bila kutafuta. Aliipapasa kwa kidole gumba mpaka karatasi ikabonyea. Kila skrubu iliyotoka iliingia katika kizibo chake, na vizibo vinne vikapangwa kama pembe nne za taa. Skrubu ndefu ikirudishwa penye shimo fupi hutoboa plastiki, na taa iliyotobolewa itaingiza vumbi mpaka ife. Kijana alinieleza hayo kwa sauti ya chini, kama mtu anayerudia somo lililomgharimu.

Kwenye mstari wa mabisibisi kulikuwa na moja ambalo halikutoka dukani. Limetengenezwa kwa spoku ya baiskeli, ncha yake imetiwa tupa ikawa na pande tatu. Baadhi ya taa huja na skrubu za pembe tatu, na bisibisi lake haliuzwi Kakuma wala Lodwar. Nyingine hazina skrubu kabisa, zimegandishwa kwa gundi, na fundi huzifungua kwa wembe, akizunguka mshono wote nywele kwa nywele, nusu saa nzima kwa kazi ambayo ingekuwa ya dakika moja. Nilimwona akiifanya siku ya kwanza na sikuweza kunyamaza. Anayeuza taa kwa watu walio mbali kuliko wote na maduka ya vipuri, kisha akaifunga kwa gundi, ameamua tangu kiwandani kwamba taa hiyo itakuwa taka. Mwaka 2018 Jamie Cross na Declan Murray wa Chuo Kikuu cha Edinburgh waliandika kuhusu vifaa vya sola vilivyoharibika hapa Kenya na mafundi wanaovihuisha. Cross na wenzake wakatengeneza pia taa ya mfano inayofunguka kwa urahisi, kuonyesha kwamba inawezekana. Skrubu nne za kawaida zatosha.

Ndani ya taa ya yule mama kulikuwa na vumbi la Turkana, laini kama unga wa mtama, limekaa juu ya bodi. Fundi hakulipuliza. Pumzi ina unyevu, na unyevu ukikutana na chumvi ya vumbi huzaa kutu. Alilifagia kwa brashi kavu kutoka katikati kwenda pembeni, kisha akaichovya pamba kwenye spiriti na kusugua sehemu mbili tu zilizokuwa na rangi ya kijani. Aliigeuza bodi kwenye mwanga wa mlango, akaitazama kama mtu anayesoma barua, mstari hadi mstari. Hakuna kilichoungua.

Akaanza na paneli, kwa kuwa huko ndiko umeme unakotoka. Aliitoa nje, akaielekeza kwenye jua lililokuwa bado chini, akagusa ncha za mita kwenye plagi. Sifuri. Mtu mwenye haraka angesema paneli imekufa. Yeye aliushika waya karibu na paneli, akaukunja kidogo, akautazama uso wa mita, akasogea upana wa kidole, akaukunja tena. Waya ulikuwa na urefu wa mita tano hivi. Aliupita wote namna hiyo, kidole kwa kidole, na vidole viwili tu kabla ya kufika kwenye plagi, namba ikaruka: 5.7. Akaachia, ikarudi sifuri. Akakunja, 5.7. Alimwita kijana aje aukunje mwenyewe, ili mkono wake ukumbuke jinsi waya uliokatika ndani ya ngozi nzima unavyolegea.

Basi paneli ilikuwa nzima, na taa ilikuwa imeanikwa juani siku tatu bila kupata tone la umeme. Na kabla ya siku hizo tatu, kwa muda usiojulikana, ilikuwa inapata kidogo tu, siku ambazo waya ulilala vizuri. Hiyo ndiyo maana ya kule kufifia. Kosa moja lilikuwa limezaa la pili. Alipopima betri, mita ilisema 2.1.

Betri hiyo ni ya lithiamu na fosfeti ya chuma, silinda ndogo inayozidi kidole cha mtu kwa unene tu. Ikiwa na afya husimama kwenye volti 3.2 na ushei. Ikishuka chini ya kiwango fulani, bodi ya taa hukataa kuichaji, kwa usalama, na mwenye taa huona kifaa kisichoitikia kitu. Kijana alisoma namba, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, imekufa."

"Haikufa," fundi akasema. "Iko nalala."

Kumwamsha aliyelala kuna adabu yake. Fundi alichukua waya wa chaja ya simu, wa volti 5, na katikati ya njia akaunga rezista ya omu 33 iliyong'olewa kwenye redio. Kwa rezista hiyo mkondo unaopita hauzidi miliampea 90 hivi, kijito chembamba sana kwa betri ya ukubwa ule. Akaunganisha chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, akaigusa betri kwa mgongo wa kidole, akaiacha. Kila dakika tano aliigusa tena. Betri inayopokea umeme polepole na kubaki baridi inataka kuishi. Ikianza kupata joto kwa mkondo mdogo hivyo, kuna kilichoharibika ndani, naye huiondoa mara moja. Iliyoshuka chini ya volti 1.5 haigusi kabisa. Hata ikiamka, haiaminiki kulala ndani ya nyumba ya watoto. Baada ya dakika kumi mita ilisema 2.4. Baada ya nusu saa, 2.8. Jua lilikuwa limepanda kidogo tu, na betri ilikuwa baridi kama jiwe la mtungini.

Akiwa anaingojea, alirudi kwenye waya. Alikata kile kipande kibovu na kukiweka kando, hakukitupa. Alichuna ngozi ya plastiki kwa wembe, akiuzungusha waya badala ya kuuzungusha wembe, hata nyuzi zote za shaba zikabaki, hakuna hata moja iliyokatika. Akazisokota kwa ncha za vidole. Kabla ya kulehemu chochote alipitisha waya kwenye tundu la kasha la plagi na kuufunga fundo kwa ndani. Mtoto atakapouvuta tena, fundo ndilo litakalobeba nguvu.

Chuma kilipopata moto, alikichovya katika furushi la nyuzi za shaba alilolikunja kama kiota, akakizungusha mara mbili, ncha ikatoka inang'aa. Mafundi wa kwingine hufutia chuma kwenye sifongo yenye maji. Hapa maji hubebwa kichwani kutoka bombani, na yeye haoni sababu ya kukinywesha chuma. Aliipa ncha tone la lehemu dogo kuliko punje ya mtama, ili moto upate daraja la kupitia. Akapaka flaksi. Kisha akapasha shaba yenyewe, midomo yake ikihesabu bila sauti: moja, mbili. Ndipo alipoleta waya wa lehemu kutoka upande wa pili, na lehemu ikayeyuka na kuzama kati ya nyuzi, kama maji ya mvua ya kwanza yanavyonywewa na mchanga wa mto Tarach. Akaondoa lehemu, akaondoa chuma, akatulia. Kijana alivuta pumzi apulize, mwalimu akainua kidole. Kiungo kikitikiswa au kupozwa kwa pupa huganda kikiwa kijivu chenye mikunjo, na siku moja kitaachia. Hiki kiliganda polepole, laini, kinameremeta, na umbo la kila uzi bado linaonekana chini yake.

Nimeitazama kazi ya mikono maishani mwangu, seremala, mshona viatu, mama wa kusuka. Sijaona utulivu uliozidi huo wa kungoja sekunde tatu.

Jioni betri ilikuwa imejaa na kupumzishwa. Fundi alibandika kipande cha tepu ubavuni mwake, akaandika kwa kalamu: 3.34, saa kumi na moja. Betri yenye maradhi ya siri huonekana nzima jioni na kuamka tupu. Usiku ndio unaoipima.

Alipofagia meza niliona kilicho chini yake. Makopo ya maziwa, ndoo, gunia. Kwenye gunia kulikuwa na nyaya na vipande vya aluminiamu. Kwenye ndoo, bodi zilizokwisha kung'olewa kila kilichofaa, hata swichi. Pembeni, betri ndogo za risasi, zimesimama wima, hazijafunguliwa. Hizo hazifungui kwa bei yoyote. Kila Mkenya anayeshika betri ya risasi angepaswa kulijua jina la Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa uliowekewa kiwanda cha kuyeyusha betri ubavuni mwa nyumba, risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido aliyepigania mtaa huo alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama ikawapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo mwaka 2024. Fundi wa Kakuma hana tanuri wala mawakili. Ana ndoo yenye kifuniko, na ameamua.

Na kwenye makopo ya maziwa, betri za lithiamu zilizokufa kwelikweli. Kila moja imezibwa kwa tepu nyeusi kwenye chanya na kwenye hasi, zikaingizwa moja moja. Hata iliyokufa huwa na akiba ndani, na ncha mbili zikigusana na chuma kati yao, moto huanza. Makopo yalikuwa kumi na moja. Ni kazi ya miaka, na hakuna aliyemlipa hata shilingi kwa tepu.

Gunia najua linakokwenda, kwa sababu siku tatu kabla nilikuwa Lodwar, nikakaa nusu siku na mama mmoja anayenunua nyaya chakavu na kuzichambua mwenyewe, chini ya turubai, sura ya kazi yake ikiwa tofauti kabisa na bado ni kazi ileile. Hushika mwanzo wa waya kati ya kidole gumba cha mguu na kinachofuata, huuvuta ukanyooka, kisha kisu kifupi hutembea juu ya ngozi ya plastiki kutoka mguuni hadi kifuani. Kisu kinaingia kwa kina cha plastiki tu, hakigusi shaba. Ganda linafunguka, shaba inatoka nyekundu kama ilivyoingia kiwandani. Jioni mama huyo husuka vikapu vya mkoma, na ukitazama vidole vyake huoni vimebadili kazi. Vijana wengine huchoma nyaya kwa moto, wakapata shaba kwa dakika chache, na moshi mweusi wenye sumu ukaingia vifuani mwao. Yeye hachomi. "Shaba iliyochomwa ni nyeusi," aliniambia, "na mwenye mizani anaikata bei. Hii hawezi kuisema neno." Turkana chuma chakavu kimekuwa na kazi tangu zamani. Mapambo ya aluminiamu ya sufuria kuukuu yamevaliwa hapa tangu enzi za mababu wa hawa vijana.

Shaba ina bei, kwa hiyo inasafiri. Hupanda lori Lodwar, ikapita Lokichar na Kainuk, karibu kilomita 300 hadi Kitale, na kuendelea. Aluminiamu hali kadhalika. Risasi pia. Lakini makopo kumi na moja ya Kakuma hayana mwenye mizani. Nairobi kipo Kituo cha WEEE, ambacho tangu mwaka 2012 kinapokea na kuchambua vifaa vya umeme vilivyokwisha, na ni zaidi ya kilomita 700 kutoka kwenye meza hii. Kenya ina sheria ya usimamizi wa taka ya mwaka 2022 na kanuni za mwaka 2024 zinazomtwika mtengenezaji na mwagizaji gharama ya bidhaa yake hadi mwisho wake. Duniani, mwaka 2022, taka za umeme na elektroniki zilifika tani milioni 62, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikuzidi asilimia 22.3. Namba hizo nilizijua kabla ya kuja. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba hapa kazi ngumu zaidi imekwisha kufanywa. Kutambua, kutenganisha, kuziba, kuhifadhi: yote yamefanywa, kwa unadhifu, na mtu ambaye hakuamriwa na kanuni yoyote. Imebaki barabara tu. Na njiani kutoka Lodwar nilikuwa nimepishana na malori yaliyoshusha mzigo kambini, yakirudi kusini na maturubai yao yamelegea, matupu. Kopo la maziwa halichukui nafasi. Anayepaswa kulipia safari yake ni aliyeiuza taa, na anayepaswa kulipwa kwa kulifunga ni fundi.

Asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, kijana ndiye aliyepima. 3.33. Fundi alichukua mita, akapima mwenyewe, akamrudishia bila kusema neno, nami nikaona jinsi kijana alivyosimama wima zaidi. Skrubu zilitoka vizibo vyao moja moja, kila moja ikageuzwa kwanza kinyume kidogo mpaka ikaingia katika njia yake ya zamani, ndipo ikakazwa. Karatasi ya nembo ikarudishwa mahali pake.

Mama alikuja kabla ya jua kukaza. Aliiwasha taa, akaifunika kwa leso ili aone mwanga wake mchana ule, akaingiza uso ndani ya leso, akakaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa anatabasamu. Fundi alimpa pia kile kipande cha waya kilichokatika, akamwonyesha kwa kidole palipovunjika, ili aushike kwenye plagi anapouchomoa, asiuvute. Mama alikifunga katika pembe ya leso pamoja na chenji yake.

Taa nyingine ilikuwa tayari juu ya zulia. Kijana aliifungua, vizibo vinne, akatoa betri, akagusa nyekundu na nyeusi. 1.2. Alimtazama mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinamia kiota cha shaba, anasafisha chuma, hakuinua kichwa. Kijana alingoja kidogo, akapima mara ya pili. Kisha akakata tepu, akaziba chanya, akaziba hasi, akainama chini ya meza kutafuta kopo lenye nafasi.